Kipimo Kilichosema Mimi Si Safi

Wewe mama unayesoma haya, au unayesomewa na mwanao, kwanza ujue nilivyokuwa kabla ya kuugua, usije ukadhani nilizaliwa mgonjwa. Nilikuwa na nguvu na nilikuwa na mdomo. Kijiji chetu kiko upande wa Newala, pale uwanda unapokaribia kukatika na kushuka bondeni. Juu kwetu maji ni ya shida. Mabomba yalikuwepo, lakini siku nyingi yalitoa upepo mtupu. Kwa hiyo tulishuka bondeni na ndoo, tukapanda nazo kichwani, na mimi nilikuwa napanda huku naongea njia nzima. Wenzangu walisema nina kifua cha punda. Jioni nilikaa barazani nikibangua korosho, ganda likiniunguza vidole kwa mafuta yake, na sikuona taabu.

Mume wangu, Baba Hamza, alikuwa na mikorosho yake. Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, naye akaanza kuchukua marobota ya mitumba Mtwara na kuyazungusha minadani, mara Lupaso, mara Lulindi, mara Masasi mjini. Tulikuwa na watoto wawili wa kiume. Kwetu ukoo unashikwa na watoto wa kike, kwa hiyo kila nilipopita kwa mama mkubwa alinitazama tumbo kwanza, ndipo akaitikia salamu.

Mama mkubwa huyu, Biti Saidi, ni dada yake mama yangu. Mama alifariki tukiwa wadogo, mimi na dada yangu Hadija, na Biti Saidi ndiye aliyetulea. Tena ni kungwi. Wanawali wengi wa kijiji chetu wamepita mikononi mwake unyagoni, akawafunda kukaa na mume, kujistahi siku za damu, na usafi. Usafi kwake ndiyo kazi yenyewe. Ukimwona mwanamke wa kwetu anang'aa, watu watakwambia huyo kafundwa na Biti Saidi.

Dada yangu Hadija alikufa kwa kutokwa damu. Alianza na damu kidogo baada ya kulala na mumewe. Ikaja damu isiyo na tarehe, kisha maji yenye harufu. Sote tulisema ni chango. Alipofikishwa hospitali, daktari alimwita mjomba wetu pembeni akamwambia ni kansa ya mlango wa kizazi na imeshaenea. Wiki zake za mwisho mimi ndiye niliyekuwa namwogesha na kumbadilisha nguo. Harufu ile naijua, na niliiogopa kuliko kifo chenyewe.

Baada ya maziko ulipita mwaka na zaidi. Nikashuka Lisekese, jirani na Masasi mjini, kumsalimia wifi yangu, Mama Zaina, dada mkubwa wa Baba Hamza. Yeye ndiye aliyenipa habari kwamba hospitali ya misheni imepata daktari mgeni, mwanamke, anayekuja mara chache kwa mwaka kutoka Dar es Salaam, na anapima mlango wa kizazi hata kwa wanawake wasioumwa.

Nikamwuliza, "Wifi, asiyeumwa anapimwa nini?"

"Hata Hadija kuna wakati alikuwa haumwi," alisema.

Tukaenda.

Nitakueleza kipimo kilivyo, maana wengi wanaogopa wasichokijua. Unavua nguo za chini, unalala chali, unatanua magoti. Wanaingiza chombo cha chuma chenye umbo la mdomo wa bata. Ni cha baridi, na kinakufungua. Kisha kijiti kinapita juu ya mlango wa kizazi taratibu, kama unakwangua ukoko wa juujuu, na kilichotoka kinapakwa kwenye kipande cha kioo. Nilihisi kubanwa, basi. Aibu ndiyo iliyokuwa kubwa, na kabla sijamaliza kuona aibu nesi alikuwa ameshanifunika.

Vioo vilipelekwa Dar. Majibu yalirudi masika yakiisha. Aliyenisomea alikuwa nesi mmoja, binti wa Bukoba, mpole, ila siku ile benchi lilijaa na alikuwa na haraka. Akasema, "Mama, kipimo chako si safi sana. Kuna mabadiliko madogo. Si kansa. Mara nyingi yanaondoka yenyewe. Urudi baada ya miezi sita tuangalie tena."

Leo nayakumbuka maneno yote hayo. Siku ile nilisikia mawili tu, si safi. Kwa yule binti, kipimo safi ni kile ambacho hakikuonyesha kitu, naye hakuwa na nia mbaya. Lakini kwetu ukimwambia mwanamke si safi, umemtukana yeye na umemtukana aliyemfunda. Nilipanda lori la kurudi Newala nimejifunika khanga mpaka puani, nikiona kila abiria ananinusa.

Nilifikia kwa mama mkubwa. Alikuwa anapepeta mtama.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Wamesemaje hao watu wa misheni?"

"Wamesema si safi."

Akaweka ungo chini. "Nani si safi?"

"Mimi. Huko ndani."

"Kwa hiyo mimi sikukufunda."

"Hawakukutaja, mama mkubwa."

"Watanitajaje, nao hawanijui? Lakini anayesema mwali wangu si safi, ananisema na mimi." Nikamwambia nimetakiwa kurudi baada ya miezi sita, akachukua tena ungo wake. "Miezi sita wamekupa? Inatosha. Tutakusafisha. Ukirudi huko wakuone ulivyo, wakose la kusema."

Ndivyo tulivyoelewa, mimi na yeye. Tulidhani ni mtihani, na kwamba nimepewa miezi sita ya kujiandaa. Mabadiliko hatukuyazungumza kabisa. Neno lenyewe halikutushika.

Biti Saidi alichemsha mizizi yake mpaka maji yakawa mekundu, akanipa na shabu iliyosagwa, nijisafishe ndani kwa kidole asubuhi na jioni. Shabu inakausha na kukaza, wanawake wengi wanaijua na wanaitumia kwa mambo ya chumbani. Mimi niliitumia kama mtu anayesugua sufuria lililoungua. Iliniwasha. Nilipokojoa nilisikia moto. Nikimwambia mama mkubwa, anasema ni uchafu unatoka, na mimi nikafurahi kwamba unatoka.

Habari kwa Biti Saidi hailali, tena hii ilikuwa habari ya heshima yake. Aliisema kisimani, aliisema shambani, kwamba watu wa misheni wamemtukania mwali. Baba Hamza aliikuta njiani akitoka mnadani. Aliingia ndani, akatua robota lake, akakaa.

"Mama Hamza, nasikia hospitali wamekukuta na uchafu."

"Wamesema si safi."

"Nani kakuchafua?"

Nimeshakwambia nilikuwa na mdomo. Nikamjibu, "Anayelala Mtwara kila mwezi ndiye aulizwe."

Hakunipiga wala hakutukana. Alichukua mkeka wake akahamia sebuleni. Kuanzia hapo tukawa tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Iliniuma sana, kwa sababu sikuwa nimejua mwanamume mwingine, na nilidhani yeye ndiye aliyeniletea. Naye akidhani hivyo hivyo kuhusu mimi. Wote wawili tulikuwa tumeshaamua kwamba lazima kuna mwenye kosa.

Miezi sita ikafika, ikapita. Ulikuwa msimu wa korosho, kila mtu yuko shambani anaokota, lakini sikuweka korosho kuwa sababu. Nilikuwa nangoja nisafike kwanza. Kumwonyesha daktari uchafu uleule aliouona mwanzo nilikuona ni kujidhalilisha. Tena jirani mmoja alinitia hofu nyingine, kwamba ukirudi mara ya pili hawakupimi, wanakutoa kizazi. Nikafikiri wanangu wawili wa kiume, nikafikiri ukoo wa mama yangu umebaki tumboni mwangu peke yake, nikaongeza shabu.

Siku moja nikijisafisha niliona damu kidoleni. Haikuwa siku yangu. Kesho yake ikawepo tena, na keshokutwa. Niliketi bafuni juu ya jiwe, nikiwa na ndoo ya maji mbele yangu, nikashindwa kunyanyuka. Nilijua hii ndiyo njia aliyopita Hadija na kwamba mimi nimeshaingia. Nilimwambia mama mkubwa peke yake. Akasema, "Uchafu unatoka," lakini alinitazama usoni muda mrefu, na safari hiyo hakunipa mizizi mingine.

Mwisho wa msimu Mama Zaina alipanda kutoka Lisekese kuja kwenye arusi ya jirani kijijini kwetu. Akanikuta nimekonda, nakaa upandeupande kama mtu mwenye jipu.

"Wifi, ulirudi hospitali?"

"Bado. Bado nasafisha."

"Unasafisha nini?"

Nikamweleza yote, shabu, mizizi, mtihani, mkeka wa kaka yake. Alianza kucheka, kisha akaona damu kwenye kitambaa changu akaacha. Alinishika mkono. "Wifi, walisema urudi. Hawakusema urudi unang'aa." Arusi hatukuimaliza. Kesho yake tulishuka naye Masasi.

Bahati ilikuwa upande wangu, daktari mgeni alikuwepo. Chombo kilipoingia nililia, si kwa hofu, ni kwa maumivu. Akakitoa mara moja.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Shabu. Na dawa ya mizizi."

Nilijua sasa nitafokewa. Hakufoka. Aliuliza taratibu, "Kwa nini?"

"Mlisema si safi."

Daktari akamgeukia yule nesi wa Bukoba. Binti wa watu aliinamisha kichwa, na nikaona machozi yanamlenga. Daktari akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda, nami bado nimelala chini ya shuka. Nitajaribu kusema kama alivyosema, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kupona.

Alisema, "Neno hilo ni letu sisi wa hospitali, tumekosea kukupa wewe ulichukue hivyo hivyo. Hukuwa na uchafu wowote. Kwenye ngozi ya mlango wako wa kizazi palikuwa na sehemu iliyoanza kubadilika, kidogo sana. Wanawake wengi huwa nayo. Wengi wao inaondoka bila dawa, mwili wenyewe unaiondoa. Kwa wachache inabaki, inakua polepole, miaka, na ikiachwa inaweza kuwa kansa. Kwa kutazama mara moja hatuwezi kujua wewe uko kundi gani. Ndiyo maana tunasema urudi. Hatukukuita tukuhukumu, mama. Tulitaka tuone imekwenda upande gani."

Nikauliza lile lililonikaa rohoni. "Na hii damu?"

"Hii ni vidonda vya shabu. Umejiunguza. Sioni kitu kwa sasa, ngozi yote imevimba. Acha kila kitu. Osha nje kwa maji tu, ndani usiguse, kunajisafisha kwenyewe. Tumia hizi dawa, urudi baada ya wiki sita, nami nitakuwepo. Na safari hiyo njoo na mume wako."

"Hatakuja," nilisema.

Mama Zaina, aliyekuwa nyuma ya pazia, akadakia, "Atakuja."

Sijui maneno yote aliyomwambia kaka yake. Najua alipanda tena mpaka kwetu kwa ajili hiyo tu, na nilimsikia ukumbini akisema, "Umehamia sebuleni kwa neno ulilolisikia njiani. Nenda ukalisikie kwa mwenyewe." Baba Hamza anamheshimu dada yake. Wiki sita zilipotimia alikaa juu ya lori, mimi nikakaa mbele na dereva, tukashuka Masasi bila kusemeshana.

Safari hiyo chombo hakikuniumiza. Damu ilikuwa imekata. Daktari alipaka mlango wa kizazi kwa siki iliyopunguzwa ukali, siki hii hii ya jikoni, akangoja kidogo, akamulika taa. Aliniambia kwamba mahali penye mabadiliko panageuka peupe, na kwangu paligeuka. Akakata kipande kidogo sana cha kupeleka Dar, nikasikia kama nafinywa. Nilipovaa akamwita Baba Hamza.

Alichora duara kwenye karatasi, akatia alama upande mmoja. "Baba, mlango wa kizazi uko hivi. Hapa pamekuwa peupe."

Baba Hamza alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Akauliza, "Peupe kama unga?"

"Unaweza kusema kama unga. Kidogo."

"Ubwiri huo," akasema.

Daktari hakuelewa, maana si mtu wa mikorosho. Kwetu miaka ile ubwiri unga ulikuwa adui wa kila nyumba. Maua ya mkorosho yanavaa unga mweupe, yanakauka, mwaka huo huokoti kitu. Daktari akamwomba amweleze, na mume wangu akasema mengi kwa mkupuo mmoja kuliko aliyosema na mimi miezi yote ile.

"Ukiona unga kidogo kwenye maua hukati mkorosho, daktari. Pengine jua likiwaka unapotea wenyewe. Lakini huendi zako moja kwa moja. Unapita tena kuangalia. Ukikuta umezidi, ndipo unapuliza dawa ya salfa. Tatizo ni yule anayeona unga leo, akarudi kuangalia siku ya kuokota."

"Na mkorosho unapata ubwiri kwa sababu ni mchafu?" daktari aliuliza.

"Hapana. Mkorosho hauna kosa. Ubwiri unaletwa na upepo."

Daktari akamwambia kwamba mabadiliko haya nayo yanaletwa na kirusi kinachopita baina ya mume na mke, ni cha kawaida mno, na kinaweza kukaa kimya mwilini miaka mingi. Hakuna awezaye kusema kimetoka kwa nani wala lini, hata kama watu wawili wametulia na ndoa yao. Baba Hamza aliangalia ile karatasi. Kisha akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya chini, mbele ya daktari na nesi, "Mama Hamza, nilikuonea." Nikamwambia nami nilimwonea. Tulikula wali wa hotelini pale Masasi, jambo ambalo hatukuwahi kufanya, na usiku wa kurudi nyumbani ule mkeka ulirudi chumbani.

Majibu ya kile kipande yalisema mabadiliko yamepanda ngazi moja kutoka pale yalipokuwa mwanzo. Bado si kansa. Lakini safari hii daktari alisema hatutangoja tena, tutatibu. Niliuliza kuhusu kizazi kabla hajamaliza. Akasema, "Kizazi chako sikigusi. Naunguza ngozi ya juu kwa baridi."

Sikujua baridi inaunguza. Walileta mtungi wa gesi na kifimbo kirefu cha chuma. Kiligusa mlango wa kizazi, gesi ikalia kama chatu, na tumbo likaninyonga mfano wa siku ya kwanza ya hedhi. Jasho jembamba lilinitoka, kichwa kikawa chepesi. Yule nesi wa Bukoba alinishika mkono muda wote, hakuuachia. Waliacha kidogo, wakarudia, basi ikaisha. Nililala kitandani mpaka kizunguzungu kikapungua, nikatoka kwa miguu yangu.

Baada ya hapo maji mengi yalinitoka ukeni kwa wiki kadhaa, meupe kisha ya kahawia, nikawa navaa vipande vya khanga na kuvifua kila siku. Daktari alikuwa ameshaniambia, kwa hiyo sikuogopa. Niliambiwa nisilale na mume mpaka kidonda kipone, nisiingize chochote, nisibebe kitu kizito. La mwisho ndilo lililonichekesha. Mwanamke wa kwetu asiyebeba ndoo anakunywa nini?

Baba Hamza alifunga madumu kwenye baiskeli. Wanaume wa kwetu huchota maji ya kuuza, lakini ya kupikia wake zao si jambo la kawaida, na watani bondeni hawakumwacha salama. "Baba Hamza, umetoka unyagoni lini?" Akawajibu, "Juzi. Kanifunda daktari." Alichota mpaka niliporuhusiwa, na sikusikia akilalamika, isipokuwa kuhusu mnyororo wa baiskeli.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote, kumwambia mama mkubwa. Tangu niliporudisha mizizi yake alikuwa ananiitikia kwa mkato. Nikaenda nikakaa naye jikoni, nikamweleza polepole, kwamba neno safi la hospitali si neno letu, kwamba hakuna aliyemtukana, kwamba usafi wa nje alionifunda ni mzuri, ila kule ndani hakutaki mkono wa mtu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nilikuunguza."

"Ulitaka nipone, mama mkubwa."

Akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. "Hadija nilimpa shabu hiyo hiyo. Alipoanza damu."

Nilikuwa nimeshamuuliza daktari jambo hilo, kwa sababu nami lilinisumbua. Nikamwambia alivyosema, kwamba si shabu iliyomletea Hadija kansa, ilikuwa imeanza miaka kabla. Lakini pia nikamwambia kwamba shabu ilikausha ile damu ya mwanzo, tukadhani amepona, tukangoja. Biti Saidi si mtu wa kufichwa. Alilia bila sauti, machozi yakiteremka tu, mimi nikalia naye. Kisha akaenda kuwafungia kuku.

Unyago uliofuata aliniita nikae karibu yake. Siku za unyago hata mama za wanawali huwepo. Alipofika kwenye usafi alisema waziwazi, nje maji, ndani usitie kitu, si shabu, si mizizi, hata mimi mwenyewe nikikupa usitie. Akanigeukia. "Mama Hamza, waeleze hilo neno la hospitali." Nikawaeleza, na ndiyo mara yangu ya kwanza kutoa ushuhuda huu. Msimu wa unyago ulipoisha akashuka nami Masasi kupimwa yeye mwenyewe. Alipanda kitandani anajikohoza, akamwambia nesi, "Usione haya mwanangu, mimi ni kungwi, nimeona nyingi kuliko wewe." Hawakumkuta na kitu.

Mimi nilirudi baada ya miezi sita, siki ikapakwa, pakabaki rangi ya mwili. Nikarudi tena mwaka uliofuata, pakawa vilevile. Kwenye safari moja ya kurudi nilikuwa na mimba. Alizaliwa wa kiume, wa tatu. Biti Saidi alimpokea, akamgeuza, akahakikisha, akasema, "Haya, huyu naye atabeba madumu kama baba yake." Nimeendelea kurudi kila nilipoambiwa, hata miaka ambayo nilijisikia mzima kuliko daktari.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru Mama Zaina, daktari yule, na nesi wa Bukoba, ambaye baadaye nilimsikia akimwambia mama mmoja, "Kuna kitu kidogo cha kuangalia tena, si ugonjwa wa aibu. Umenielewaje? Hebu niambie wewe." Alingoja yule mama aseme kwa maneno yake mwenyewe, na foleni ilikuwa ndefu.

Nawe nakuomba, ukipewa majibu usiyoyaelewa, usiondoke nayo hivyo hivyo. Uliza, hata kama benchi limejaa. Ukiambiwa ni kidogo, amini kwamba ni kidogo, usijiue kwa hofu, wala usimtafute mwenye kosa ndani ya nyumba. Usijitibu ili kipimo kijacho kikusifu. Nenda kama ulivyo, na nenda wakati uliotajwa. Dada yangu Hadija alinishinda kwa nguvu na alinishinda kwa akili, kila mtu kijijini atakwambia. Mimi nilichomzidi ni kwamba kuna mtu aliniambia nirudi.